Mazoezi Yameshindikana? Mazoezi Gani Hayo?

Barabara ya 9, Ngamiani, mjini Tanga, baada ya alasiri. Kahawa inazunguka, kashata ziko kwenye sinia, bao limefika pabaya, na kila mtu barazani amekaa isipokuwa fundi cherehani mmoja. Yeye amesimama, bega kaliegemeza kwenye nguzo, kikombe mkononi.

"Kaa bwana, unatuzibia upepo."

Akatabasamu, akasogea hatua moja, akabaki wima.

Wenzake walipoanza kutawanyika kwenda kutia udhu, alieleza kwa sauti ya chini. Akikaa robo saa tu, huku chini panawaka moto, kati ya korodani na njia ya haja kubwa, upande wa kushoto zaidi. Akisimama panapoa. Akilala panatulia kabisa. Amepimwa mkojo, amemeza antibayotiki, amekunywa dawa za ngiri. Sasa kuna aliyemwambia kwamba ni mshipa wa fahamu umebanwa na tiba yake ni kwenda kupasuliwa nje ya nchi. Ana kiwanja Pongwe. Anauliza: akiuze?

"Na mazoezi?"

"Nimefanya miezi miwili. Yameshindikana."

"Mazoezi gani hayo?"

"Ya kukaza. Kama unavyozuia mkojo. Asubuhi, mchana na jioni."

Jibu hilo limekuwa likinirudia kwa wiki kadhaa. Mtu anapewa mazoezi yanayobana pale pale panapouma, anaumia zaidi, kisha inaandikwa kwenye faili kwamba mazoezi yameshindikana. Kwa maandishi hayo anahesabika kuwa amefika kwenye mlango wa upasuaji. Njia hiyo ndiyo ninayotaka kuikagua hapa, kwa sababu kiwanja kikishauzwa hakirudi, na ligamenti, ule ukanda mgumu unaofunga mfupa kwa mfupa, ikishakatwa hairudi.

Neva inakopita

Mshipa wa fahamu unaotajwa hapa ni neva ya pudenda. Inatokana na mizizi ya neva iitwayo S2, S3 na S4, ndani ya ule mfupa bapa ulio juu ya kifandugu. Inatoka nje ya nyonga chini ya msuli wa pirifomisi, huko ndani ya tako, inauzunguka mwiba wa mfupa wa iskia, yaani mfupa wa kukalia, kisha inarudi tena ndani. Pale kwenye mwiba inapita katikati ya ligamenti mbili ngumu, sakrospinasi na sakrotuberasi. Halafu inaingia kwenye mfereji wa Alcock, uliopewa jina la Benjamin Alcock, mwanaanatomia wa Ayalandi aliyeueleza mwaka 1836. Inatoa matawi matatu: la kwenye njia ya haja kubwa, la msamba (kati ya sehemu za siri na njia ya haja kubwa), na la uume au kinembe.

Kwa hiyo sehemu za kubanwa ni mbili hasa: katikati ya zile ligamenti, na ndani ya mfereji.

Neva hii haikai tuli. Unapoinama, unapochuchumaa, unapojikamua chooni, inatakiwa iteleze kidogo kama jarari inavyopita kwenye kapi la jahazi. Ikinaswa na kovu, au ikikandamizwa na kitu kigumu kila siku, kila mjongeo unaivuta.

Lakini jambo ninaloona halisemwi vya kutosha ni hili: ukuta wa mfereji wa Alcock umeegemea msuli, obturata ya ndani. Msuli huo ukikakamaa muda wote, nafasi ya neva inapungua. Na misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu na njia ya haja kubwa kutoka chini, ikikakamaa, inaweza yenyewe kuleta maumivu yanayofanana kabisa na ya neva iliyonaswa, hata kama neva haijanaswa popote.

Watu wawili wenye maelezo yale yale, mmoja ana kovu linaloshika neva, mwingine ana misuli isiyojua kulegea. Kisu kinaweza kumsaidia wa kwanza. Wa pili atakatwa bure.

Masharti matano ya Nantes

Hakuna kipimo kimoja cha damu wala picha kinachothibitisha tatizo hili. MRI inapigwa ili kutafuta kitu kingine: uvimbe, jipu, tatizo la chini ya mgongo. Ndiyo maana wataalamu waliokutana Nantes, Ufaransa, waliweka masharti matano, yakachapishwa mwaka 2008. Maumivu yawe kwenye eneo la neva hiyo. Yazidi mtu anapokaa. Yasimwamshe usiku. Mgonjwa asiwe amepoteza hisia za ngozi daktari anapompima. Na sindano ya ganzi ikipigwa kwenye neva hiyo, maumivu yapungue.

Kuna dalili nyingine inayosaidia: mgonjwa anayeumia kwenye kiti cha kawaida hupata afadhali akikalia choo cha kukaa, kwa kuwa mdomo wa choo unashika mapaja na matako huku msamba ukining'inia. Kwetu, ambako nyumba nyingi zina choo cha kuchuchumaa, swali hilo likiulizwa lilivyo halina jibu. Muulize vingine. Je, anaumia akikaa kwenye tandiko la baiskeli? Akikaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi? Je, akikalia vitabu viwili vilivyoachana, kimoja kila tako, nafuu inapatikana? Hapo utapata habari ile ile.

Sharti la nne linawachanganya wengi. Mgonjwa atasema "naona ganzi", na hisia hiyo ni ya kweli kwake. Daktari anachopima ni kama pamba na ncha ya kijiti vinahisiwa. Ngozi ikiwa imekufa ganzi kweli, yaani huhisi karatasi unapojisafisha, pengine tatizo liko juu zaidi, kwenye mizizi ya neva.

Na hilo ni la dharura. Ganzi ya eneo lote la kukalia, mkojo usiotoka au unaotoka bila wewe kujua, miguu yote miwili kulegea: siku hiyo hiyo nenda Bombo au hospitali kubwa iliyo karibu. Usisubiri kliniki ya Jumatatu.

Maumivu yanayokuamsha usiku, homa, kupungua uzito, damu kwenye choo au kwenye mkojo, hayo nayo yatafutiwe sababu nyingine kwanza. Ukanda wetu una kichocho cha mkojo, kinachoshambulia kibofu na, kwa wanawake, hata njia ya uzazi. Una mabusha pia. Kupima hivyo ni rahisi kuliko kupasua tako.

Wanawake ndio wanaozungushwa zaidi. Akisema panauma huku chini anaambiwa ni chango, anaambiwa ni yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, anapewa dozi juu ya dozi hata kama mkojo haujaonyesha bakteria. Uchungu uliochukua muda mrefu, hasa ile saa ya kusukuma, huvuta neva ya pudenda. Kama maumivu yalianza baada ya uzazi na yanafuata kukaa, mkunga au daktari aambiwe hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo.

Kukaza na kulegeza

Mazoezi ya kukaza yana historia yenye heshima. Arnold Kegel, daktari wa wanawake wa Marekani, aliyaandikia mwaka 1948 kwa wanawake waliokuwa wakivuja mkojo, wengi wao baada ya kuzaa. Misuli yao ilikuwa dhaifu. Alitaka iwe na nguvu. Kwa kazi hiyo yanafaa mpaka leo.

Mtu mwenye maumivu ya pudenda mara nyingi ana hali iliyo kinyume. Misuli yake imekaza mchana kutwa bila yeye kujua, kwa sababu mwili hujikunja kulinda panapouma. Ukimwambia akaze mara nyingi kwa siku, unaiongezea kazi misuli iliyochoka, na unaisukuma neva kwenye ukuta wake.

Utajuaje uko upande upi? Lala chali, magoti yameinuliwa juu ya mto. Weka vidole viwili juu ya msamba, juu ya nguo. Vuta pumzi taratibu kwa pua, tumbo lijae. Msamba unatakiwa usogee kidogo kuvifuata vidole, na utoapo pumzi urudi juu. Kisha kaza kama unazuia upepo, halafu achia. Angalia huko kuachia. Misuli yenye afya inashuka mara moja. Iliyokakamaa inashuka nusu, au haishuki, au hukuhisi ikipanda tangu mwanzo kwa sababu ilikuwa juu tayari.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyefundishwa sakafu ya nyonga atapima hivyo kwa kidole chenye glavu. Asiyefundishwa hilo atakupa karatasi ya mazoezi ya mgongo. Kwa hiyo ukifika kitengo cha fiziotherapia, uliza mapema: yupo anayepima na kutibu misuli ya sakafu ya nyonga kwa ndani? Kama hayupo, waulize nani yupo, Dar au Moshi, ili hata ukienda mara chache uje na programu ya kuifuata nyumbani.

Wiki 12 za haki

Ninaposema mtu ajaribu mazoezi kwanza, nina maana ya kazi hii, kwa karibu wiki 12, kabla ya kuandika neno "yameshindikana" popote.

Pumzi ndiyo msingi. Mlalo ule ule, sekunde 4 kuvuta, sekunde 6 kutoa, dakika 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa siku. Usisukume chini kama uko chooni. Acha msamba ushuke wenyewe. Wiki ya kwanza wengi hawahisi kitu. Ndivyo inavyoanza, usikimbilie zoezi jingine.

Kisha kazi ya mtaalamu, mara moja kwa wiki, dakika 45 hadi saa nzima. Kwa nje anashughulikia matako, paja la ndani, tumbo la chini na kovu kama lipo. Kwa ndani, kidole kimoja chenye glavu na mafuta ya kulainisha, kupitia uke au njia ya haja kubwa. Akitaka kuipata obturata ya ndani atakuambia usukume goti nje dhidi ya mkono wake. Msuli utakaovimba chini ya kidole ndio huo. Anakandamiza sehemu iliyokakamaa kwa upole, sekunde 30 hadi 90, mpaka ilegee. Maumivu yasizidi 4 kwa 10. Anaepuka kuisugua neva yenyewe pale kwenye mwiba.

Hapa panahitaji uwazi. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa kila hatua kabla haijafanyika, ya kuomba mtaalamu wa jinsia yake, ya kuwa na mtu wake chumbani, na ya kusema "basi" katikati. Anayekasirika ukimuuliza hayo, mwache. Na anayetoa huduma hii chumba cha nyuma cha duka la dawa, bila mafunzo, mwache haraka zaidi.

Kipimo cha kwamba dozi ya mazoezi ni sahihi ni siku ya pili. Kuuma kidogo jioni ile ni kawaida. Maumivu yakiwa juu kuliko kawaida yako baada ya saa 24, kazi ilizidi, mwambie apunguze. Watu wengi huacha hapa wakidhani mazoezi hayawafai, na kilichokosewa ni nguvu tu.

Kwa muda huo yaweke kando mambo manne: mazoezi ya tumbo ya kunyanyuka kutoka kulala, kuchuchumaa na mzigo, kuvuta goti kifuani kwa nguvu, na baiskeli. Kutembea kunafaa. Njia ya Raskazone jioni, upepo wa bahari unavuma, dakika 20 mwendo wa kawaida, ni tiba halisi kwa neva hii.

Kiti, baiskeli na mbuzi

Tanga ni mji wa baiskeli, na baiskeli na neva hii zina uhusiano wa muda mrefu. Mwaka 1987 daktari Mfaransa, Gérard Amarenco, aliandika juu ya tatizo hili akilihusisha na waendesha baiskeli. Pua ya tandiko inabana msamba kwenye mfupa. Anayeumia aache kabisa kwa wiki hizo. Akirudi, atafute tandiko pana lisilo na pua au lenye nafasi katikati, pua iinamishwe kidogo, usukani upandishwe ili uzito urudi nyuma, na ainuke kwenye pedali kila penye shimo. Dereva wa bodaboda naye ashuke asimame kila anapomshusha abiria.

Mbuzi ya nazi sijaona ikitajwa kwenye maandishi yoyote ya kitabibu, na huku Pwani ingepaswa kuwa ya kwanza. Umepanua miguu, umekalia ubao mwembamba, umeinama mbele, na kila ukisukuma kifuu uzito wote unaenda kwenye msamba. Mama mwenye maumivu haya asikune. Mashine za sokoni zipo, na nyumbani wapo vijana.

Mto wa kukalia unatengenezwa kwa fundi magodoro. Omba sponji ngumu, unene wa sentimita 8 hadi 10, ukubwa wa kiti chako. Akate mfereji katikati, upana kama sentimita 7 au 8, kuanzia ukingo wa mbele mpaka karibu na nyuma. Mifupa miwili ya kukalia lazima ikae juu ya sponji, msamba uwe juu ya mfereji. Kaa, kisha pitisha vidole ndani ya mfereji kutokea mbele. Msamba ukivigusa na kuvikandamiza, sponji ni laini mno. Ule mto wa duara wenye tundu, unaouzwa kwa ajili ya bawasiri, kwa wengi haufai: duara lenyewe linabana pande zote huku katikati panavutwa chini.

Hata na mto, inuka kila dakika 20. Kwa fundi cherehani hiyo ina maana ya kupanga kazi: kukata na kupiga pasi kwa kusimama, kushona kwa vipande vifupi. Swala inatakiwa ipangwe pia. Kile kikao cha tahiyatu, kisigino kikiingia chini, kinaweza kuwasha maumivu, na dini imempa mgonjwa nafasi ya kuswali anavyoweza. Shehe wa msikiti wako ataeleza namna.

Choo na vidonge

Kujikamua kunaishusha sakafu ya nyonga na kuivuta neva. Wiki nzima ya tiba inaweza kupotea asubuhi moja ya choo kigumu. Maji, papai, machungwa ya Muheza na nyuzinyuzi zake, mchicha, kunde. Kama havitoshi, dawa ya kulainisha choo kila siku, bila aibu.

Hapo vidonge vinaingia. Amitriptilini husaidia maumivu ya neva, kuanzia miligramu 10 hadi 25 usiku. Lakini inafunga choo, na kwa wanaume wenye tezi dume iliyokua inaweza kuzuia mkojo. Tramadoli nayo inafunga choo. Mgonjwa anapewa dawa ya neva, choo kinakuwa kigumu, anajikamua, anaumia, dozi inaongezwa. Nimeona wengi ndani ya mzunguko huo. Gabapentini na pregabalini hazifungi choo kwa kiasi kile, ila zinaleta usingizi na kizunguzungu, na zote zisiachwe ghafla. Daktari azipunguze hatua kwa hatua.

Sindano inasema nini

Sindano ya ganzi inaelekezwa kwenye mwiba wa iskia kwa msaada wa CT skani au altrasaundi. Ni kipimo, na kwa wachache ni tiba ya muda.

Ili iwe kipimo kweli, mgonjwa ana kazi. Kabla ya sindano akae kwenye kiti kinachomuumiza mpaka maumivu yaje, aandike namba. Baada ya sindano akae tena kiti kile kile, aandike kila saa kwa saa 6. Anayelala kitandani siku nzima baada ya sindano, kisha akasema "nilipata nafuu", hajapima chochote, kwa sababu akilala huwa haumwi.

Siku hiyo asiendeshe chombo. Mguu unaweza kulegea kwa saa kadhaa kama ganzi imeigusa neva kubwa ya mguu. Na asikalie maji ya moto mpaka hisia zirudi. Ngozi yenye ganzi inaungua bila taarifa.

Kama utaambiwa uongeze pesa ili sindano iwekwe steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, fahamu kwamba utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2017, wenye wagonjwa 201, haukuona faida ya ziada ya steroidi kwa maumivu haya.

Sasa hapa ndipo ninaposita, na naomba msomaji asite nami. Sindano ikipoza maumivu, imethibitisha kwamba maumivu yanapita kwenye neva ile. Haijathibitisha kwamba neva imenaswa. Maumivu ya misuli ya msamba nayo yanasafiri kwa njia hiyo hiyo, na ganzi itayazima vile vile. Nusu ya watu wanaoniambia "sindano ilikubali, kwa hiyo lazima nipasuliwe" wameruka hatua hii.

Kisu

Upasuaji unaotumika zaidi ulijengwa na Roger Robert na wenzake kule Nantes. Mgonjwa analazwa kifudifudi. Tako linakatwa, nyuzi za msuli mkubwa zinaachanishwa, ligamenti ya sakrotuberasi inakatwa au inafunguliwa, ya sakrospinasi inakatwa, mfereji wa Alcock unafunguliwa, na neva inahamishiwa mbele ya mwiba ili isivutike tena. Wapo wanaopitia msambani, na wapo wanaopitia tumboni kwa kamera.

Utafiti wenye nguvu zaidi juu yake ni wa Robert mwenyewe, wa mwaka 2005. Wagonjwa 32, nusu wakapasuliwa, nusu wakaendelea bila upasuaji, wote wakiwa wamechaguliwa kwa sababu sindano ziliwapa nafuu ya muda. Baada ya miezi 12, asilimia 71.4 ya waliopasuliwa walikuwa na nafuu, dhidi ya asilimia 13.3 ya wengine.

Takwimu hizo zinauza tiketi nyingi za ndege. Zisome polepole. Kila kundi lilikuwa na watu 16. Kila mgonjwa alijua kama amepasuliwa au la. Walipasuliwa na watu walioubuni upasuaji wenyewe. Na "nafuu" si kupona. Hata hivyo siwezi kuzitupa, kwa sababu tofauti ni kubwa, na kwa upande wa fiziotherapia sijaona utafiti wenye nguvu uliofanywa kwa mpangilio huo kwa maumivu haya. Ninachotegemea kuiweka kwanza ni jambo moja: ikikosea, unaweza kuiacha.

Kisu kikikosea ni hivi. Neva yenyewe inaweza kujeruhiwa, ukabaki na ganzi, kuvuja choo au mkojo, au kupoteza nguvu za tendo la ndoa. Mishipa ya damu inapita ubavuni mwa neva; ikikatika, damu inatoka mahali pafinyu pasipofikika kirahisi. Kidonda kiko karibu na njia ya haja kubwa, hivyo usaha ni jambo la kuogopa. Ligamenti zinazokatwa ndizo zinazoshika kiungo cha nyonga na mgongo wa chini, na wapo wanaotoka bila maumivu ya msamba lakini na nyonga isiyotulia, wakiumia wakigeuka kitandani. Kovu jipya linaweza kuinasa neva upya. Na wapo ambao maumivu yanabaki vile vile, au yanazidi.

Hata upasuaji uliofanikiwa hauleti nafuu kesho yake. Neva inapona taratibu. Miezi ya kwanza maumivu yanaweza kuwa makali zaidi, na hukumu haitolewi kabla ya mwaka. Wengine huendelea kupata nafuu hata baada ya hapo. Mtu aliyeuza kiwanja akitarajia kurudi kwenye cherehani baada ya mwezi mmoja ataingia kwenye deni akiwa bado amesimama.

Na misuli iliyokakamaa kabla ya kisu itabaki imekakamaa baada ya kisu. Kazi ya kuilegeza itafanywa tu, mapema au baadaye.

Kabla ya kuuza

Kwa aliyemaliza wiki 12 za kulegeza, amebadili kiti, choo ni laini, sindano imepimwa kwa kukaa, na bado hawezi kukaa hata kula chakula na wanawe, upasuaji ni jambo la haki kulifikiria. Hasa kama maumivu yalianza baada ya kuanguka, baada ya kuzaa kwa shida au baada ya upasuaji mwingine wa nyonga, ambako kovu linawezekana.

Ampigie daktari wa huko kwanza, na majibu yaandikwe. Amepasua neva hii kwa watu wangapi, na wangapi kati yao anawafahamu hali zao baada ya mwaka? Anapitia wapi? Ligamenti anazikata, na je, anazishona tena? Wangapi walizidiwa? Daktari anayesema hakuna aliyezidiwa, mimi nisingempa tako langu.

Kisha hesabu za nyumbani, kwa sababu bei ya hospitali ni sehemu tu. Wiki kadhaa za kutokukaa. Mwaka wa kazi nusu. Dawa za choo. Fiziotherapia ya kuanza tena, polepole, kidonda kikishapona. Mtu wa kumsindikiza. Daktari wa hapa Tanga au Dar aliyekubali mapema, kwa maandishi, kufuatilia kidonda.

Na safari. Ndege ni saa nyingi za kukaa, halafu kuna barabara kutoka Dar: Chalinze, Segera, Kange. Kwenye basi, kabla ya upasuaji, kiti cha kando ya njia na taulo mbili zilizokunjwa kwa urefu, moja chini ya kila tako, vinamfikisha mtu. Baada ya upasuaji haviwezi kutosha. Abaki mji ule ule mpaka daktari aliyempasua amruhusu, atembee mara kwa mara ili damu isigande miguuni, na gari la kumlaza kutoka uwanja wa ndege hadi Tanga litafutwe na kulipiwa kabla tiketi ya kwenda haijakatwa.